Somo la leo: neno la Kiingereza colonel, linaandikwa hivi linatamkwa vile

Wakuu, leo tumalizane na colonel, yaani kanali wa jeshi. Mimi niliwahi kulisoma kwa sauti mbele za watu, "ko-lo-nel", tena kwa kujiamini, watu wakacheka mpaka machozi, kwa hiyo hili somo nimelilipia ada.

Hatua ya 1, kutamka. Herufi saba lakini mdomoni silabi mbili tu, sauti ileile ya kernel, ile punje. Chukua kanali yetu ukate i ya mwisho, umeshakaribia.

Hatua ya 2, kuandika. Hapa sikio litakudanganya. Ukiwa unaandika lisome kimoyomoyo kama Kiswahili, ko-lo-nel, herufi zinakuja zenyewe, ila mwanzo weka c. Hakuna r popote!

Hatua ya 3, asili, na hapa ndo patamu. Waitalia walisema colonnello, mkuu wa safu ya askari, kutoka colonna yaani nguzo. Likaingia Ufaransa, sasa l mbili kwenye neno moja ulimi unazikwepa, ya kwanza wakaigeuza r, likawa coronel. Waingereza wakalibeba hivyohivyo karne ya 16, wanaandika r wanatamka r, hakuna ugomvi. Baadaye wasomi wao wakawa wanatafsiri vitabu vya vita vya Kiitalia, wakaona l, wakairudisha kwenye maandishi, ila watu mtaani walishazoea r yao na hawakuiacha.

MASWALI

– Mkuu, kwa hiyo Wafaransa bado wanatamka r?
Hapana, walirudi kwenye l, kuandika na kutamka. Wahispania ndo wamebaki na coronel, na r yao unaisikia kabisa.

– Colonial si ndugu yake?
Wala. Hiyo ni Kilatini colonia, makazi ya walowezi, ina i na l zote zinatamkwa. Kwenye mtihani watu wengi wanaanguka hapo.

– Sasa mbona kanali yetu haina r?
Tuliipokea kwa sikio, na Waingereza wengi baadaye waliacha kuitamka hiyo r, wanavuta irabu tu. Mmarekani ndo utamsikia.

– Nikiona uvivu kuandika lote?
Andika Col. kabla ya jina, inatosha.

– Na lieutenant, yaani luteni?
Duh, hilo Mwingereza anaanza na "lef", Mmarekani "luu". Lipewe siku yake.