Amri ndogo na swichi kwenye programu ya terminali

Programu yenye kazi moja inatosheka na swichi mbili tatu, yaani vitu kama `-k` au `--wote` unavyoandika kando ya amri. Kazi zikiongezeka, igawe kwa amri ndogo, kama git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) inavyofanya: `git add`, `git commit`, kila moja na swichi zake. Kwenye Python 3 tumia argparse, maktaba ya kusoma amri na swichi; inakuja na lugha yenyewe, huna cha kusakinisha. Huu hapa mfano wa daftari la madeni ya duka. Uhifadhi kama `deni.py`:

```
import argparse

def ongeza(a):
    print(a.jina, a.kiasi)

def orodha(a):
    print("wote" if a.wote else "wasiolipa")

p = argparse.ArgumentParser(prog="deni")
sub = p.add_subparsers(dest="amri", required=True)

x = sub.add_parser("ongeza", help="andika deni")
x.add_argument("jina")
x.add_argument("-k", "--kiasi", type=int, required=True)
x.set_defaults(kazi=ongeza)

y = sub.add_parser("orodha", help="onyesha madeni")
y.add_argument("-w", "--wote", action="store_true")
y.set_defaults(kazi=orodha)

a = p.parse_args()
a.kazi(a)
```

Jaribu `python3 deni.py ongeza Asha -k 5000`. Itachapisha `Asha 5000`. Ukiandika `-k elfu5`, argparse inalalamika yenyewe na programu inatoka na namba 2, hivyo skripti iliyoiita inajua mambo yameharibika. `set_defaults` inakuepusha na msururu wa `if` na `elif`: kila amri imeshabeba kazi yake.

Usiache `required=True` kwenye `add_subparsers` (ipo tangu Python 3.7). Bila hiyo, mtu akiandika `deni` (yaani `python3 deni.py`) peke yake hapati maelezo yoyote ya matumizi; anapata AttributeError, kwa sababu `a.kazi` haipo. Nayo `dest` ndiyo inayoupa ujumbe wa kosa jina la kilichokosekana.

Swichi ya ndiyo au hapana iandike kwa `store_true`. Wengi hukimbilia `type=bool`, kisha wanashangaa `--wote False` inaleta kweli. Python inapokea neno "False" kama maandishi, na maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli.

Panaposumbua zaidi ni swichi ya amri zote, tuseme `--kimya`. Ukiiweka kwenye `p`, programu kuu, tu, lazima itangulie amri: `deni --kimya orodha` inapita, `deni orodha --kimya` inakataliwa. Ukiiweka kote kuwili, kwenye `p` na kwenye amri ndogo, kosa halionekani kabisa: `deni --kimya orodha` inapita lakini kimya hakipo, maana thamani ya msingi ya amri ndogo, `False`, imefuta `True` iliyotangulia. Dawa ni kuiandika hivi kwenye kila amri ndogo:

```
y.add_argument("--kimya", action="store_true",
               default=argparse.SUPPRESS)
```

Hapo amri ndogo haigusi kitu mpaka swichi itajwe. Ile ya kwenye `p` iache na `store_true` ya kawaida, la sivyo `a.kimya` haitakuwepo isipotajwa popote.

Mwisho, ufupisho. argparse inakubali `--ki` badala ya `--kiasi`. Siku ukiongeza `--kimya` kwenye `ongeza`, kila skripti iliyozoea `--ki` itagoma, kwa kuwa sasa kuna mbili zinazoanza hivyo. Zima kwa `allow_abbrev=False`, na uiandike ndani ya kila `add_parser`; ukiiweka kwenye `p` peke yake, amri ndogo haziirithi.