Namna ya Kusafisha na Kukagua Bomba la Moshi Kabla Halijashika Moto

Moto wa bomba la moshi huandaliwa mdomoni mwa jiko, wiki nyingi kabla haujawaka. Moshi wa kuni hupanda pamoja na mvuke wa maji na mafuta ya kuni yasiyoungua, na unapofika mahali ambapo joto la bomba limeshuka chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, vitu hivyo huganda kwenye kuta za ndani. Mwanzoni huwa masizi ya unga, baadaye huwa magamba, na mwisho huwa lami nyeusi inayong'aa ambayo, ikishika moto, inaweza kuwaka kwa joto linalozidi nyuzi 1,000.

Hapa mkoani Tanga tatizo hili nalikuta kwa sura mbili. Huko Lushoto, kwenye baridi ya Juni na Julai, watu hubana mlango wa hewa jioni ili kuni zifike alfajiri, na kwa hiyo moshi hupanda polepole ukiwa umepoa. Huku mjini, kwenye matanuri ya mikate na majiko makubwa ya shule, moto huwa mkali, lakini kuni mara nyingi huletwa zikiwa mbichi na kuchochewa siku hiyohiyo.

Hatua ya kwanza: poza jiko na utoe majivu

Liache jiko usiku kucha bila moto. Majivu yahifadhiwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje ya nyumba, kwa sababu makaa yaliyofunikwa na majivu hukaa hai kwa siku kadhaa. Vaa barakoa na miwani, kisha ziba mdomo wa jiko kwa gunia bichi ili masizi yasitapakae ndani.

Hatua ya pili: pima unene wa uchafu

Fungua mlango wa kusafishia ulio chini ya bomba, ingiza kioo kidogo na umulike kwa tochi. Kwaruza ukuta wa ndani kwa bisibisi mpaka uone chuma, kisha linganisha kina cha mkwaruzo na rula. Uchafu wa milimita 3 unatosha kukufanya usafishe. Ukifika milimita 6, jiko lisiwashwe tena hata kwa chai mpaka lisafishwe. Fanya kipimo hiki karibu na ncha ya juu pia, kwa kuwa huko ndiko bomba hupoa zaidi na ndiko lami hupenda kujikusanya.

Hatua ya tatu: sugua

Tumia brashi ya waya yenye kipenyo sawa na cha bomba, uishushe na kuipandisha kuanzia juu. Unapokuwa juu ya paa, kanyaga penye mistari ya misumari tu, maana chini yake ndipo zilipo papi, yaani mbao zinazoshikilia bati, na bati peke yake halibebi mtu. Bati likiwa na umande au ukungu, shuka na usubiri jua. Kama bomba ni la vipande, ni salama zaidi kulifungua na kulisugulia uani.

Lami inayong'aa haitoki kwa brashi. Kwenye bomba la vipande mimi hupendelea kubadilisha kipande kizima kuliko kukigonga mpaka kipinde. Wapo wanaowasha makuti makavu chini ya bomba ili "kuchoma masizi". Huko ni kuwasha kwa makusudi moto uleule tunaoukimbia.

Hatua ya nne: kagua chuma na viungo

Hewa ya chumvi ya pwani hula bati jembamba, hasa kwenye viungo, kwa hiyo gonga bomba lote taratibu kwa nyundo ndogo na usikilize: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti iliyofifia. Bati la kuezekea lisitumike karibu na jiko, kwa kuwa zinki iliyopakwa juu yake huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi na mvuke wake ni hatari kwa mapafu. Sehemu hiyo inahitaji chuma cheusi chenye unene wa milimita 2. Kila kiungo kifungwe kwa skrubu tatu, na ncha nyembamba ielekee chini, ili lami inayotiririka irudi ndani ya jiko badala ya kuvujia nje.

Bomba la ukuta mmoja likae angalau sentimita 45 kutoka kwenye kenchi, dari au mbao yoyote, na ncha yake ipite paa kwa sentimita 90 au zaidi. Kofia iwekewe wavu wa matundu ya milimita 10 hadi 12 wa kuzuia cheche, nao usafishwe kila unaposugua bomba, kwani ukiziba hurudisha ndani moshi na hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Bomba la kupita kwenye paa la makuti sikubali kulifunga, hata mwenye nyumba akisisitiza.

Hatua ya tano: rekebisha kuni na hewa

Mti uliokatwa sasa hivi unaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji, ilhali kuni nzuri hazizidi asilimia 20. Zipasue, zipange juu ya vigingi chini ya paa lisilo na kuta, uziache miezi sita au zaidi, na zifunike vizuri wakati wa masika. Kuni iliyokauka huwa na nyufa kwenye ncha, na ukizigonganisha mbili hutoa mlio mkali. Mbao za majahazi makuukuu, zilizokolea chumvi na sifa (mafuta ya samaki yanayopakwa vyombo), zisiingie jikoni kabisa, kwa sababu chumvi yake hula bomba. Jioni acha mlango wa hewa wazi mpaka kuni mpya zishike vizuri, na ni afadhali uchochee kidogo mara nyingi.

Bomba likishika moto

Utasikia mngurumo mzito, na cheche au miali itatoka juu. Toa watu wote nje, funga mlango wa jiko na matundu ya hewa kama unaweza kuyafikia salama, kisha piga 114 kuwaita zimamoto. Usimwage maji ndani ya bomba, kwa kuwa chuma au tofali zenye joto hilo hupasuka na mvuke hukurudia usoni. Maji yamwagwe kwenye paa na makuti ya jirani, ukiwa umesimama chini. Moto ukizimika, chunguza dari na kenchi kwa saa kadhaa, kwani mbao huweza kufuka ndani kwa ndani. Jiko lisiwashwe mpaka fundi afungue bomba na kutazama kila kiungo, hata kama kwa nje linaonekana zima: bati lililopinda, kofia iliyobadilika rangi au masizi yaliyovimba kama sponji ni dalili kwamba sehemu hiyo haifai tena.