Somo: Jinsi ya kuchunguza ombi la hataza la kipande cha kibadilisha joto cha ndege

Wanachama waliosoma somo lililopita waliniomba nichukue kifaa kimoja na kukipitisha kwenye uchunguzi mzima wa hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi wake, tangu kulisoma ombi hadi kuandika barua ya pingamizi. Nimechagua kichwa cha kugawia hewa, yaani kipande kinachoigawa hewa inayoingia kwenye kiini, katika kibadilisha joto cha ndege, kwa sababu ni kipande kidogo chenye mabishano mengi, na kwa sababu sisi wa Tabora tunakijua kibadilisha joto kuliko tunavyodhani. Bani la tumbaku la pale Urambo, yaani chumba cha kukaushia majani, ambamo moshi wa moto hupita ndani ya mabomba na kuipasha joto hewa ya chumba pasipo moshi wenyewe kuyagusa majani, ni kibadilisha joto. Rejeta ya Fuso nayo ni hivyo hivyo. Ndege ina vya namna hiyo kadhaa: kimoja hupoza hewa iliyotolewa kwenye injini, yenye joto la takriban nyuzi 200, kabla haijaingia chumba cha abiria, kingine hupoza oili ya injini kwa kutumia mafuta yale yale yanayokwenda kuchomwa.

Hatua ya kwanza ni kuyasoma madai kabla ya kitu kingine chochote. Ombi la hataza lina maelezo, michoro, muhtasari na madai, na anayeanza huvutwa na michoro kwa kuwa inapendeza. Aiache kwanza. Mipaka ya kinacholindwa huwekwa na madai, na maelezo na michoro kazi yake ni kuyafafanua. Kwa ajili ya zoezi letu nimetunga dai lifuatalo:

"Kibadilisha joto cha ndege, chenye kiini cha sahani na mapezi kinachopitisha hewa moto na hewa baridi katika njia zisizokutana, kichwa cha kugawia hewa kilichounganishwa na kiini hicho, kichwa hicho kikiwa na shingo inayogawanyika kuwa matawi matatu au zaidi, unene wa ukuta wa kila tawi ukipungua kuanzia shingoni hadi kwenye kiini, na kichwa pamoja na kiini vikiwa vimejengwa kama kipande kimoja."

Likate dai hili vipande vitano na uvipe herufi: A ni kiini, B ni kichwa kilichounganishwa nacho, C ni matawi, D ni ukuta unaopungua unene, na E ni ujenzi wa kipande kimoja. Kuanzia hapa hatutauliza tena kama kifaa hiki ni kizuri au kibaya. Kifaa kibovu kabisa chaweza kupewa hataza, na kizuri sana kikanyimwa, kwa kuwa mchunguzi hupima maneno ya dai dhidi ya yale ambayo ulimwengu ulikwisha kuyajua kabla ya tarehe ya ombi, au kabla ya tarehe ya kipaumbele ikiwa mwombaji anadai kipaumbele cha ombi lililowekwa mahali pengine ndani ya miezi 12 iliyotangulia.

Hatua ya pili ni kutafuta ujuzi uliotangulia, yaani yale yaliyokwisha kujulikana kabla ya tarehe hiyo. Espacenet, ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, na Patentscope, ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, zote ni za bure, na simu yenye bando inatosha. Nilipoanza kazi hii nilitafuta kwa neno moja tu lililomaanisha kichwa, nikapata nyaraka chache, nikafurahi kwamba kifaa ni kipya. Mwenzangu akatafuta upya kwa neno lililomaanisha bomba la matawi, akazileta nyaraka tatu zilizoniaibisha. Kila mwandishi wa hataza huwa na jina lake kwa kitu kile kile, na wengine huficha kwa makusudi. Ndiyo maana uanze na mafungu ya uainishaji, yaani namba za kupangia hataza kwa aina ya kifaa, ambayo hayajali jina: F28F 9/02 kwa vichwa vya vibadilisha joto, F28D 9 kwa vile vya sahani, B64D 13 kwa hewa ya chumba cha ndege, F02C 7 kwa vifaa vya injini za tabo, na B33Y 80 kwa vitu vilivyojengwa kwa kuchapishwa tabaka juu ya tabaka. Kisha ndipo uongeze maneno.

Tuseme utafutaji umetupatia nyaraka tatu. Wa kwanza unaonyesha kiini cha sahani na mapezi chenye kichwa cha umbo la sanduku kilichochomelewa. Wa pili unaonyesha kichwa chenye matawi manne, kilichochapishwa pamoja na kiini cha sahani na mapezi kama kipande kimoja, lakini kuta zake zina unene ule ule kote. Wa tatu unahusu bomba la moshi la injini ya gari, ambalo ukuta wake unazidi kuwa mnene kadiri unavyokaribia maungio, ili maungio yasipasuke.

Hatua ya tatu, upya, ni nyepesi iwapo huchanganyi mambo. Dai hukosa upya pale tu waraka mmoja unapobeba sehemu zake zote, si pale nyaraka mbili zinapojazana. Waraka wa pili una A, B, C na E, lakini hauna D, kwa hiyo dai letu ni jipya. Laiti dai lingesema tu kwamba unene wa ukuta uko kati ya milimita 0.3 na 0.8, waraka wowote wenye A, B, C na E ambao ungetaja ukuta wa milimita 0.5 ungeliua, kwa sababu nukta moja iliyo ndani ya kiwango inatosha kukiondolea kiwango hicho upya.

Hatua ya nne, yaani hatua ya kiuvumbuzi, ndiyo inayokula muda, nami sitaiharakisha. Wachunguzi wa Ulaya huanza na waraka ulio karibu zaidi, ambao kwetu ni wa pili. Huitaja tofauti, ambayo ni D. Huuliza tofauti hiyo inaleta athari gani, na kutokana na athari hiyo hulitunga tatizo la kiufundi. Mwisho huuliza kama fundi wa kawaida wa fani hiyo, akiwa na tatizo hilo mkononi, angefika kwenye dai bila kuvumbua chochote.

Athari ya D ni nini? Jibu lazima litoke kwenye ombi lenyewe, au liwe dhahiri kwa mwenye fani. Fikiria kichwa cha aluminiamu chenye urefu wa milimita 300 kinachopanda joto kwa nyuzi 150 injini inapowashwa: kitarefuka kwa takriban milimita 1. Kiini, ambacho upande mmoja kinapulizwa na hewa baridi ya nje, hakirefuki kiasi hicho. Sahani zake ni nyembamba, kichwa ni kigumu, na ugomvi wao huishia kwenye mshono, ambao hupasuka baada ya safari nyingi. Ukuta unaopungua unene kuelekea kwenye kiini hukifanya kichwa kilegee pale kinapokutana na kilicho chembamba, hivyo kinajipinda badala ya kuvunja. Ikiwa maelezo ya ombi yanasema hivi, tatizo letu ni kupunguza mkazo wa joto kwenye maungio.

Lakini ikiwa maelezo yanasema tu kwamba ukuta umepunguzwa ili kupunguza uzito, tatizo linakuwa jingine kabisa, na mwombaji amejichongea mwenyewe. Kila anayetengeneza kifaa cha ndege hutafuta gramu za kupunguza. Kuupunguza ukuta pale shinikizo linaporuhusu ni kazi ya kila siku ya fundi, na kwa maoni yangu dai lingeanguka hapo hapo.

Tushike tatizo la mkazo. Hapa Kiswahili kinatusaidia, kwani tuna "angeweza" na tuna "angefanya", na mchunguzi wa Ulaya hudai hilo la pili. Fundi angeweza kuupunguza ukuta, hakuna aliyemzuia. Je, angefanya? Nenda kwenye gereji yoyote ya uchomeleaji mjini Tabora na chesisi iliyopasuka: fundi ataongeza chuma pale pale palipopasuka. Waraka wa tatu unasema hivyo hivyo, kwamba maungio yanenepeshwe. Dai letu linakwenda kinyume, linapunguza chuma mahali ambapo desturi inaongeza. Waraka unaomwelekeza fundi upande wa pili hauwezi kutumika kusema kwamba ungemleta huku. Ningeikubali D, kwa kuwa mwombaji ameueleza wazi upande wa upungufu.

E peke yake isingemwokoa. Huko Marekani mahakama ilikwisha kusema mwaka 1965, katika shauri lililohusu breki, kwamba kukifanya kitu cha vipande kadhaa kuwa kipande kimoja kwa kawaida ni uchaguzi tu wa kihandisi. Mwaka 1966 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo, katika shauri la Graham dhidi ya John Deere, lililohusu kibanio cha jembe la kukokotwa, iliweka utaratibu unaotumika hadi leo: pima ujuzi uliotangulia, pima tofauti, pima kiwango cha mwenye fani.

Msidharau mabadiliko madogo. Tarehe 17 Januari 2008 ndege ya Boeing 777 iliyotoka Beijing iliangukia kabla ya njia ya kurukia ya Heathrow, London, baada ya injini zote mbili kukosa mafuta ya kutosha. Watu wote 152 walinusurika. Uchunguzi ulionyesha kwamba barafu iliyojijenga ndani ya mabomba ya mafuta ilibanduka na kuziba uso wa kibadilisha joto cha mafuta na oili, ambapo ncha za vijibomba vingi vyembamba zilichomoza takriban milimita 4 juu ya sahani. Marekebisho yalikuwa kuzisawazisha ncha hizo na uso wa sahani. Milimita 4! Mchunguzi akiletewa dai la namna hiyo asiseme "hili ni dogo". Aulize kama tatizo la barafu lilikuwa limetambuliwa kabla ya tarehe ya ombi, maana wakati mwingine uvumbuzi wote umo katika kuligundua tatizo, na dawa yake ni rahisi mno.

Hatua ya tano ni uwazi na utoshelevu. Maneno kama "ukuta mwembamba kiasi" au "kichwa kinachozuia mipasuko" huandikiwa pingamizi: la kwanza halina kipimo, la pili linadai matokeo badala ya kudai kifaa. Maelezo nayo lazima yamwezeshe fundi kukijenga kifaa bila kubahatisha.

Hatua ya sita ni barua. Taja dai, taja waraka na ukurasa wake, taja sehemu inayokosekana, toa hoja, kisha nyamaza.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Urambo: Mwalimu, shikamoo. Bani letu tumelibadilisha mabomba ili kuni zipungue. Je, nasi tunaweza kuomba, au ni mambo ya ndege tu?

Marahaba. Mnaweza. Kwa Tanzania Bara ombi hupelekwa BRELA, au hupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, na vigezo ni vile vile: upya, hatua ya kiuvumbuzi na kufaa kwa matumizi ya viwandani. Ila kabla ya ombi msiwaonyeshe watu kwenye maonyesho ya Nane Nane wala msirushe picha kwenye kundi la wakulima, kwa maana mnaweza kuwa mmejiundia wenyewe ujuzi uliotangulia.

Fundi wa mashine za boti, Kigoma: Sisi huku tunapoza injini kwa maji ya ziwa kupitia mabomba ya matawi, na hakuna aliyewahi kuandika popote. Je, yanahesabika dhidi ya dai lako?

Swali zuri, fundi. Katika sheria ya Ulaya kitu kilichotumiwa hadharani popote duniani kinahesabika hata kama hakikuandikwa, lakini anayekitaja lazima athibitishe kilikuwaje, lini, na nani aliweza kukiona. Picha yenye tarehe na risiti ya kununulia bomba vina thamani hapo. Ugumu wako ni mwingine. Maneno "cha ndege" katika dai husomwa kuwa "kinachofaa kwa ndege", na kipoza injini cha bomba zito la chuma hakifai. Kwa hiyo hakitauondoa upya, ingawa chaweza kutajwa katika hoja ya hatua ya kiuvumbuzi ikiwa fundi wa ndege angekuwa na sababu ya kutazama huko.

Mwanafunzi wa ufundi, Tabora Mjini: Kipande kikipata hataza, kinaruhusiwa kufungwa kwenye ndege?

Hapana. Hataza humpa mwenyewe haki ya kuwazuia wengine. Haisemi lolote kuhusu usalama. Ruhusa ya kufunga kipande ndegeni hutoka kwa mamlaka za usafiri wa anga, ambazo kwetu ni TCAA.

Mwanachama wa Nzega: Ndege ya kigeni ikitua hapa kwa muda ikiwa na kipande chenye hataza ya mtu mwingine nchini, rubani atashtakiwa?

Mkataba wa Paris, ambao Tanzania ni mwanachama wake, una ibara ya 5 ter kwa ajili ya jambo hilo. Ndege ya nchi mwanachama inayoingia kwa muda au kwa dharura haihesabiwi kuwa imevunja hataza kwa sababu ya vifaa vilivyomo katika ujenzi au uendeshaji wake.

Mwanafunzi yule yule: Nikisahau kuandika vipimo vya unene, naweza kuviongeza baada ya kupata barua ya mchunguzi?

Huwezi kuongeza jambo ambalo halikuwamo katika ombi kama lilivyowekwa siku ya kwanza. Ikiwa miezi 12 haijaisha unaweza kuweka ombi jipya lenye vipimo hivyo na kudai kipaumbele cha lile la kwanza, lakini vipimo vyenyewe vitahesabiwa tarehe ya ombi jipya. Kwa hiyo katika ombi la kwanza andika unene wa shingoni, unene wa kwenye kiini, na walau vipimo viwili vya katikati, hata kama dai lako la kwanza halivitaji.