Kutoka Mwanza hadi Ziwa Titicaca: maandalizi na desturi za kuzingatia

Mtu aliyekulia Kirumba anaweza kudhani kwamba ziwa ni ziwa, na kwamba akifika Puno, mji wa Peru ulio ukingoni mwa Ziwa Titicaca, atajiona yuko nyumbani. Maji yatamfurahisha, lakini hewa itamsumbua. Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali Titicaca liko mita 3,812. Huko hewa ni nyepesi kiasi kwamba maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, na pakiti ya bisi iliyofungwa Lima, mji wa pwani, huvimba kama puto. Kichwa cha mgeni humgonga, usingizi hukatika, na ngazi chache tu humfanya aheme.

Kwa hiyo usiruke kutoka Lima moja kwa moja hadi Juliaca, uliko uwanja wa ndege unaohudumia Puno. Pitia Arequipa, iliyo kwenye mita 2,300 hivi, ulale siku mbili au tatu, ndipo upande. Ukifika, kula kidogo, kunywa maji ya chupa kwa wingi, acha pombe na utembee polepole. Maumivu ya kichwa yakizidi, au ukianza kukohoa na kuyumba, shuka siku hiyo hiyo. Nawasihi hasa watu wa Kanda ya Ziwa, ambako selimundu imeenea: mgonjwa wa selimundu, na hata mwenye kurithi kinasaba chake bila kuumwa, anaweza kudhurika vibaya kwenye mwinuko huo, hivyo pima damu na uzungumze na daktari kabla ya kulipia tiketi.

Viza ishughulikie mapema, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano isikose mkobani. Juni na Julai baridi ya usiku hushuka chini ya sifuri. Beba koti zito.

Wenyeji watakukaribisha chai ya majani ya koka, ambayo ni halali nchini humo. Inywe huko huko, wala usirudi na jani hata moja, kwa kuwa hapa kwetu koka ni dawa ya kulevya kisheria.

Salimia kabla ya kuuliza bei, "buenos días" asubuhi na "buenas tardes" mchana, kama vile usivyomkabili mama muuza dagaa pale mwaloni bila shikamoo. Ukiona mzee anamwaga matone ya kinywaji chake ardhini kabla ya kunywa, anamkumbuka Pachamama, mama ardhi. Anayejua tambiko ataelewa na kunyamaza kwa heshima. Katika kisiwa cha Taquile wanaume ndio wanaofuma kofia, na rangi ya kofia huonyesha kama mtu ameoa, basi usijivalie yoyote kwa kupendeza tu. Picha za watu omba kwanza.

Beba soli, fedha ya Peru, za noti ndogo, kwani visiwani chenji ni adimu, na dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa.

Mezani utapewa sana trucha, samaki ambaye, kama sangara wetu, hakuwa wa asili ya ziwa hilo bali alipandikizwa. Ni mtamu akikaangwa. Pembeni huenda pakawekwa rocoto, inayofanana kabisa na pilipili hoho nyekundu lakini ni kali mno; ionje kwa ncha ya kijiko.