Karatasi za pesa unazotuma Mombasa, na dalili za ulevi

Ukiwa Doha au London, hali ya ndugu yako aliyebaki Mombasa unaijua kwa anayokwambia na kwa karatasi. Karatasi hazitoshi kumhukumu mtu. Lakini ukizisoma kwa utulivu utajua mapema kwamba kuna jambo, kabla majirani hawajaanza kukupigia.

Anza na zilizo zako: kumbukumbu za kutuma pesa. Zipange kwa tarehe, saa na sababu aliyotoa. Kiasi si hoja sana, angalia mwendo. Ombi la mwisho wa mwezi limegeuka maombi madogo ya kila baada ya siku mbili tatu, mengi ya usiku. Namba ni mpya kila mara kwa kuwa simu imeibiwa, kitambulisho nacho kimepotea tena. Anayetumia unga, yaani heroini, hutafuta pesa kila siku ili arosto, yale maumivu ya kuukosa, isimshike, kwa hivyo hawezi kusubiri.

Kama unalipa karo, lipa kwenye akaunti ya shule na uombe taarifa ya mwanafunzi kutoka ofisi ya shule. Picha ya risiti ya WhatsApp haitoshi.

Stetimenti ya M-Pesa ni mali yake. Akikubali mwenyewe kuitoa, isomeni pamoja. Pesa zikiingia na Fuliza, mkopo wa M-Pesa, ikazikata papo hapo, ana deni. Zikienda kwa kampuni za kamari, huenda tatizo ni kubeti, wala si dawa za kulevya. Kutoa mia mbili mia mbili kwa wakala peke yake si dalili, ndivyo wengi mjini wanavyoishi. Tafadhali shikilia hilo, maana tuhuma ya uongo huvunja nyumba.

Karatasi za hospitali zinataka uangalifu zaidi. Baadhi huwa na msimbo wa ugonjwa: katika orodha ya ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, F10 ni matatizo ya pombe, F11 ni ya afyuni na jamaa zake, heroini ikiwemo. Usipouona, usidhani yuko salama. Aliyeanguka akiwa amelewa anaweza kuandikiwa jeraha tu. Na usimtume binamu anayefanya kazi hospitalini akuchungulie faili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na mgonjwa akijua amechunguzwa huenda asirudi kliniki.

Ukishapata picha, mpigie yeye kwanza, mchana, akiwa peke yake: "Kaka, naona tangu Ramadhani unaniomba pesa usiku usiku. Niambie, kuna nini?" Kisha nyamaza umsikilize. Usimsomee orodha ya makosa.

Akikubali msaada, apige 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Mjini kuna pia mashirika ya MEWA na Reachout, yaliyozoea watumiaji wa dawa. Mnywaji wa kila siku asilazimishwe kuacha ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege na hata kufa. Aonwe na daktari kwanza. Anayetumia unga anaweza kuanzishiwa methadoni, dawa ya tiba inayochukua nafasi ya heroini, ambayo kwa kawaida hunywewa kliniki kila siku mbele ya mhudumu. Kwa hivyo badala ya kumtumia pesa mkononi, mlipie nauli ya matatu ya kila siku kupitia mtu wa nyumbani anayeweza kwenda naye.