Jinsi ya Kukokotoa Fueli Inayohitajika Kuchemsha Maji

Kukadiria kuni, mkaa, mafuta ya taa au gesi ya kuchemshia maji ni hesabu ya hatua tatu: unatafuta joto linaloingia kwenye maji, unaligawa kwa joto linalotolewa na kilo moja ya fueli, kisha unarekebisha jibu kulingana na joto linalopotea njiani. Hatua mbili za kwanza ni nyepesi. Ya tatu ndiyo inayohitaji uangalifu, kwa kuwa inaweza kuongeza jibu mara mbili, na kwa moto wa mafiga hata mara sita au zaidi.

Msingi wa hesabu ni joto mahususi la maji, yaani joto linalohitajika ili kilo moja ya maji ipande kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, nalo ni takribani kilojouli 4.2. Lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilo moja, hivyo kanuni inakuwa:

Joto = lita za maji × 4.2 × ongezeko la halijoto

Zingatia kwamba kinachozidishwa ni ongezeko, wala si halijoto ya mwisho. Maji yaliyokuwa na nyuzi 20 yakifika 100 yamepanda kwa nyuzi 80. Kwa lita 5, basi, tunapata 5 × 4.2 × 80 = kilojouli 1,680. Sufuria nayo hupata moto pamoja na maji: ikiwa ni ya alumini yenye uzito wa kilo 1, na joto mahususi la alumini ni takribani kilojouli 0.9, itachukua 0.9 × 80 = kilojouli 72, na jumla itakuwa 1,752.

Sasa tazama fueli. Kwa makadirio, kilo moja ya gesi ya kupikia hutoa kilojouli 46,000, mafuta ya taa 43,000, mkaa mkavu 29,000, na kuni zilizokauka vizuri 16,000. Kuni mbichi hutoa pungufu sana, kwa sababu sehemu ya joto lake hutumika kugeuza maji yaliyomo ndani ya mti wenyewe kuwa mvuke. Kwa kuni kavu, 1,752 ÷ 16,000 ni kilo 0.11, yaani gramu 110 tu, na yeyote aliyewahi kukoka moto atatambua mara moja kwamba kiasi hicho hakitoshi.

Hapo ndipo ufanisi wa jiko unapoingia. Moto wa mafiga unaofikisha kwenye sufuria asilimia 15 ya joto lake utahitaji 0.11 ÷ 0.15, yaani takribani kilo 0.73 za kuni kwa maji yale yale. Usichukue asilimia hii kwa kubahatisha ikiwa unaweza kuipima, na kuipima si kazi ngumu. Pima mtungi wa gesi kwenye mizani, pasha lita 10 za maji kwa nyuzi 60, zima jiko kabla maji hayajachemka, kisha pima mtungi tena. Maji yamepokea 10 × 4.2 × 60 = kilojouli 2,520. Ikiwa mtungi umepungua kwa gramu 120, gesi imetoa 0.12 × 46,000 = kilojouli 5,520, na ufanisi ni 2,520 ÷ 5,520, karibu asilimia 46. Namba hiyo ni ya jiko lako, sufuria yako na upepo wa mahali unapopikia, kwa hiyo ina manufaa kuliko namba yoyote ya kitabuni.

Kuzima jiko mapema kuna sababu. Kila kilo ya maji inayogeuka mvuke huondoka na takribani kilojouli 2,260, ambazo kanuni ya hapo juu haizihesabu. Ukiacha zile lita 5 zitokote mpaka nusu lita ipotee, umetumia kilojouli 1,130 za ziada, yaani theluthi mbili ya joto lililoyafikisha kwenye kuchemka, ilhali maji yaliyobaki hayajapata moto zaidi. Kwa hiyo, ikiwa ni lazima maji yaendelee kutokota, zidisha kilo za maji yatakayopotea kwa 2,260, ujumlishe na joto la mwanzo kabla ya kugawa kwa fueli, halafu ufunike sufuria na kupunguza moto ili kiasi hicho kiwe kidogo.