Kuchagua Jiko la Moshi kwa Anayeishi Mahali Moto wa Wazi Umekatazwa

Jiko langu la kwanza la moshi, yaani la kuivisha nyama polepole kwa moshi wa mbao, nililinunua kwa neno la muuzaji: "Hili ni la umeme." Kweli lilikuwa na waya na plagi, na kioo kidogo cha kuonyesha joto. Nikalipandisha hadi ghorofa ya nne, nikaweka mbavu. Kabla hazijaiva, msimamizi wa jengo alikuwa mlangoni. Aliinua bamba la chini akanionyesha kikombe cha chuma kilichojaa moto. Lilikuwa jiko la peleti, vile vidonge vya maranda yaliyoshindiliwa. Umeme wake huzungusha skrubu inayosukuma peleti, huendesha feni na kuwashia moto. Kinachopika nyama ni kuni. Mkataba wangu wa upangaji ulikataza moto wa wazi, na ule ulikuwa moto wa wazi.

Tangu siku hiyo nimepika nyama ya moshi kwenye fleti mara nyingi bila kugombana na mtu. Huu ndio mpangilio ninaompa kila anayeniuliza, na hatua ya kwanza ni kusoma, kabla hujaingia dukani.

Hatua ya 1: Jua hasa kilichokatazwa

Chukua mkataba wako, kanuni za jengo na kanuni za zimamoto za eneo lako. Tafuta ni kipi kati ya hivi vinne kimetajwa: moto wa wazi, nishati (mkaa, kuni, mtungi wa gesi), mahali (roshani, chini ya paa, karibu na ukuta), au moshi wenyewe. Kila katazo huacha mlango tofauti. Aliyekatazwa mtungi wa gesi anaweza kuwa huru na umeme. Aliyekatazwa kupika roshanini hasaidiwi na umeme, itambidi apikie ndani.

Ili uone kanuni hizi zinavyofikiri, chukua mfano wa Marekani. Kanuni ya zimamoto iitwayo International Fire Code, kielelezo ambacho majimbo na miji huchukua kuwa sheria yao, hairuhusu vifaa vya kupikia vyenye moto wa wazi kwenye roshani zilizojengwa kwa vitu vinavyoungua, wala ndani ya futi 10, yaani kama mita 3, kutoka kwenye ujenzi wa aina hiyo. Nyumba za familia moja au mbili hazibanwi na kifungu hicho. Utaona kinachoogopwa ni mwali na umbali wake kutoka kwenye kitu kinachoweza kushika moto. Ukipeleka ombi lako, jibu hofu hiyo.

Peleka ombi kwa maandishi, tena lenye vipimo. Ukiuliza tu "naruhusiwa kufukiza nyama?", utajibiwa hapana. Mimi niliandika hivi: "Naomba kutumia kabati la umeme la kupikia kwa moshi, wati 800, lisilotumia mkaa wala gesi. Vibanzi vichache vya mbao hufuka ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa. Litakaa juu ya sakafu ya zege, mita 1 kutoka ukutani. Je, inaruhusiwa?" Vibanzi nilivitaja makusudi. Usifiche kwamba kuna mbao zinazofuka, kwa sababu siku ya ajali kampuni ya bima itauliza, na jibu la maandishi ndilo litakalokulinda.

Hatua ya 2: Futa yasiyofaa

Jiko la mkaa, la kuni na la gesi yanatoka mara moja. La peleti nalo linatoka, hata muuzaji aseme nini kuhusu plagi. Futa pia bomba la matundu la kutengenezea moshi, lile linalojazwa vumbi la mbao na kuwashwa kwa kiberiti, maana hilo ni kaa la moto lisilo na swichi ya kulizima.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Roshani iliyofungwa kwa vioo ni chumba. Mkaa ukiwaka humo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa usingizini kwa sababu yake. Kufungua dirisha hakutoshi. Mkaa hauingii ndani, hata wakati wa mvua, hata kwa dakika kumi.

Hatua ya 3: Linganisha yaliyobaki

Kama roshani inaruhusu umeme, chaguo langu ni kabati la umeme: sanduku la chuma lenye koili chini, kisanduku cha vibanzi juu ya koili, bakuli la maji, kisha rafu za nyama. Hukaa kwenye joto la nyuzi 107 hadi 135 za Selsiasi kwa saa nyingi bila kulindwa. Watu hulilaumu kwamba nyama yake haina ile pete nyekundu chini ya ngozi. Ni kweli, haina. Pete ile hutokana na gesi za moto, hasa nitriki oksaidi, zinazoshika protini iliyoipa nyama wekundu wake, na koili haitoi gesi hizo za kutosha. Lakini pete haina ladha. Ladha hutoka kwenye moshi wa mbao, na mbao inafuka vilevile.

Kama roshani imekatazwa kabisa, kuna majiko ya moshi ya kuweka juu ya meza jikoni. Ndani yake kuna kichocheo chenye joto kali kinachounguza moshi kabla haujatoka. Yanafanya kazi vizuri, ila nafasi yake ni ndogo na huwa ghali kuliko kabati la kawaida.

Lipo pia sanduku la chuma la kuweka juu ya jiko lako la kawaida. Vijiko viwili vya vibanzi vilivyosagwa, sinia ya kukinga mafuta, wavu, kifuniko cha kusukuma. Kwa samaki na vidari vya kuku ninalipenda sana, dakika 20 hadi 30 zinatosha. Liwe chini ya feni ya kutolea moshi, na feni hiyo iwe inatoa hewa nje ya nyumba. Ile inayozungusha hewa humohumo itakuamshia king'ora.

Bunduki ya moshi, ile ndogo ya mkononi, hupaka harufu juu ya chakula kilichoiva. Haipiki.

Hatua ya 4: Kagua jiko lenyewe kabla ya kulipa

Anza na mlango. Ingiza ukanda wa karatasi kati ya mlango na fremu, funga, kisha uvute. Ukiteleza bila kukazana, moshi utapita papo hapo na kwenda kwa jirani. Rudia pembe zote nne, maana pembe ya juu upande wa bawaba ndiyo hudanganya. Kisha weka tochi ndani, funga, utazame kama mwanga unapenya kwenye maungio.

Halafu tazama vibanzi vinaingizwa wapi. Chagua jiko lenye kishubaka cha pembeni kinachosukumwa kutoka nje. La kufungua mlango kila mara hupoteza joto na kumwaga wingu la moshi roshanini.

Umeme: wati 800 kwenye volti 230 ni kama ampea 3.5, mzigo mwepesi. Wati 1,500 kwenye volti 120 ni ampea 12.5, na hapo soketi isibebe kitu kingine. Chomeka ukutani moja kwa moja. Waya mwembamba wa kuongezea hupata moto kimyakimya kwa saa sita. Soketi ya nje iwe na kikatizi cha kuvuja kwa umeme.

Kipimajoto cha mlangoni usikiamini. Nunua chako cha kuchoma ndani ya nyama: kuku afike nyuzi 74, nyama ya kusaga 71, kipande kizima cha ng'ombe 63 kisha kipumzike dakika tatu. Kidari cha ng'ombe nakipeleka hadi 93 au zaidi, kwa kuwa kolajeni inayokifanya kigumu inahitaji muda kwenye joto kubwa ili iyeyuke kuwa jelatini.

Hatua ya 5: Usinunue kubwa kuliko unavyohitaji

Watu wengi hununua kabati la kumeza kidari kizima kwa saa 12. Kwenye fleti hilo ni kosa, kwa ajili ya majirani na kwa ajili ya nyama yenyewe. Nyama hushika moshi vizuri zaidi mwanzoni, uso wake ukiwa bado baridi na wenye unyevu. Kwa hiyo mimi hutoa nyama friji, huiweka kwenye moshi saa mbili hadi tatu, huifunga kwa foili, kisha huimalizia kwenye oveni nyuzi 120 hadi ilainike. Oveni haina moshi wala haivunji kanuni. Ukishakubali njia hii, kabati dogo la rafu mbili linakutosha.

Hatua ya 6: Washa mara ya kwanza bila nyama

Liwashe tupu kwenye joto la juu saa tatu ili mafuta ya kiwandani yaungue, na dakika 45 za mwisho weka vibanzi. Tumia mbao ngumu kama mwaloni, hikori, mtufaha. Msonobari una utomvu, mbao za rangi na plaiwudi zina kemikali. Zote hizo zikae mbali. Usiloweke vibanzi, kwani kitakachotoka kwanza ni mvuke. Weka konzi moja tu kwa wakati. Ukijaza kisanduku, moshi hutoka mweupe na mzito, na nyama inakuwa chungu. Moshi unaoutaka ni mwembamba, karibu usiuone, wenye rangi ya buluu kwa mbali.

Mwambie jirani siku moja kabla, ili aanue nguo. Pika siku isiyo na upepo wa kuelekea madirishani kwake.

Ukimaliza, chomoa, acha lipoe, kisha mimina mabaki ya vibanzi kwenye kopo la chuma lenye maji. Yalale humo hadi asubuhi hata kama yanaonekana meusi na yamekufa, ndipo yaende kwenye pipa la taka.